Mpwa Wangu, Usinunue Kiwanja Mwezi wa Kumi

Mpwa wangu, picha za kiwanja zimenifika. Nimeziangalia mchana, nikaziangalia tena usiku mke wangu akiwa pembeni, na sote wawili tumekubali kwamba kwa macho ni mahali pazuri: mchanga safi, michikichi miwili imeinamia maji, na ziwa limetulia hadi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Unasema muuzaji ana haraka. Unasema bei yake ni nusu ya viwanja vya juu ya barabara. Unasema pia kwamba mwezi wa kumi, uliposhuka huku Rumonge kutoka Muyinga, ulitembea mwenyewe kutoka mpaka wa kiwanja hadi ukingo wa maji ukahesabu hatua 80, na roho yako ikatulia.

Yangu haijatulia. Hizo hatua 80 ndizo zimenifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana maneno ya simu hupita, na jambo hili mtahitaji kulisoma mara mbili, wewe na mama watoto.

Ulihesabu katika mwezi ambao ziwa limelala. Tanganyika hushuka kabisa mwezi wa 10 na wa 11, kiangazi kikiwa kimelikausha, na ufuko huwa mpana kiasi cha watoto kuchezea mpira. Kisha mvua huanza, mito ya Burundi, Kongo na Tanzania hulimwagia maji, na kilele chake hufika mwezi wa 4 au wa 5. Mwaka wa kawaida tofauti hiyo ni kama kimo cha meza. Utasema meza ni kitu gani. Lakini ufuko wetu ni tambarare, na kimo cha meza moja kikipanda kwenye ardhi tambarare hutembea mbali sana. Wauzaji wa viwanja vya ufukweni wanalijua hili. Ndiyo maana mwezi wa kumi wanapiga simu kwa bidii.

Hayo ni ya mwaka wa kawaida, na miaka ya karibuni haikuwa ya kawaida. Ziwa hili lina mito mingi inayoingia na mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hayana pa kukimbilia. Katika miaka ya 1870 lilipanda hadi likavunja kizuizi kilichoziba mdomo wa Lukuga, kisha likashuka mita nyingi. Likapanda tena 1964, na wazee wangu waliokuwa wakivua wakati huo walituonyesha miti ambayo maji yaliifikia. Sisi watoto tulidhani wanatia chumvi. Mwaka 2021 tukaona kwa macho yetu, Gatumba kule karibu na Bujumbura ikazama, na hapa Rumonge watu wa chini wakatoa magodoro usiku. Mwaka 2024 maji yakakaribia tena alama ile ya 1964, na haikuwa kwetu tu: ng'ambo Kongo, Uvira walilia, Kalemie walilia. Nyumba ambazo picha zake ungezipenda kama ulivyokipenda kiwanja hiki, leo zimebaki kuta mbili, na ndege wa majini wametua juu yake.

Kuna pia sheria. Sheria ya maji ya 2012 iliacha mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika ziwe eneo la kulinda ziwa, si la kujenga. Hatua zako 80, hata ukizirefusha namna gani, hazifiki mita 150. Kwa hiyo anachokuuzia huyo muuzaji ni ardhi ambayo maji yanaidai kwa upande mmoja na serikali kwa upande wa pili, na wewe unaambiwa ni bei ya rafiki.

Basi hilo la maji nimelimaliza. Liko la pili ambalo halionekani kwenye picha hata moja, na hilo limenigharimu mimi mwenyewe zaidi ya maji.

Unajua tulivyoondoka hapa. Vurugu zilianza huku kusini tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Mimi nilikuwa na miaka 8, mama yako yuko mgongoni. Tulivuka kwa mtumbwi hadi Kigoma, nikakulia Ujiji, nikajifunza huko kwamba samaki tunayemwita mukeke wao wanamwita mgebuka, na kwamba mtu anaweza kuishi miaka 20 mahali na bado akaulizwa kwao ni wapi. Wengine walipelekwa mbali zaidi, Katumba, Mishamo, Ulyankulu, wakapewa msitu waufyeke. Huku nyuma mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yakagawiwa watu wengine, mengine yakaingizwa katika mashamba makubwa ya michikichi.

Nikarudi 1991. Nilikuwa na pesa kidogo ya biashara ya mawese na kiu kubwa ya kuwa na changu. Nikapata mtu anauza, mpole, ana karatasi yenye muhuri. Shamba lilikuwa na michikichi iliyokwisha kukomaa na migomba, na chini ya migomba palikuwa na mawe saba yamepangwa vizuri. Mawe yale niliyaona siku ya kwanza, mpwa wangu. Sikuuliza.

Tukajenga. Vita vya 1993 vikaja, tukakimbia, tukarudi, tukajenga tena. Mwaka 2008 wakaanza kurudi watu wa 1972 kutoka Tanzania, maelfu kwa maelfu, na asubuhi moja wakasimama uani kwangu ndugu watatu kutoka Ulyankulu. Kiswahili chao kilikuwa cha Tabora. Mkubwa wao hakunisalimu kwa ugomvi. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba, akavua kofia, akasema: hapa amelala bibi yetu.

Nilikuwa na karatasi. Wao walikuwa na kaburi, na walijua idadi ya mistari ya michikichi aliyopanda baba yao, na mlango wa nyumba ya kwanza ulitazama wapi. Mimi niliyelia Ujiji miaka 19 kwamba nimenyang'anywa kwetu, nilikuwa nimelala juu ya kwao wengine. Jambo hilo liliniumiza kuliko hasara yenyewe. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 kwa ajili ya kesi hizi ilikuwa wakati ule ikihimiza watu wagawane. Miaka michache baadaye msimamo ukageuka, mwenye asili akawa anarudishiwa yote. Sisi tulikaa mbele ya bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi, siku tatu, tukagawana nusu kwa nusu. Aliyeniuzia alikuwa amekwisha kufa, na pesa yangu imelala naye. Wale ndugu leo ndio majirani zangu wa karibu kabisa, na mke wangu alipougua ni wao waliombeba. Lakini nusu ya shamba niliilipia bila kuipata, na kosa ni langu, kwa sababu mawe niliyaona.

Kwa hiyo unapofika kwenye kiwanja chochote hapa, usianze na bei. Anza na kuuliza: kabla ya huyu kilikuwa cha nani, na kabla ya huyo? Usimuulize muuzaji. Kaa na majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, na utafute mwanamke mzee kuliko wote katika mtaa, kwa sababu wanaume wa rika lake wengi hawapo, na wanawake ndio wanaokumbuka nani alioa wapi na nani alizika wapi. Akinyamaza ghafla unapotaja jina la muuzaji, shukuru, nyanyuka, nenda zako.

Halafu ndipo karatasi. Sheria ya ardhi ya 2011 iliwezesha komine, yaani tarafa, kutoa hati za ardhi, na mwenye nayo amepitia zoezi la mipaka kutambuliwa mbele ya majirani. Hiyo ni bora kuliko karatasi ya kuandikiana mezani. Tazama pia mihuri. Rumonge ilikuwa katika mkoa wa Bururi, ikawa mkoa wake yenyewe 2015, na tangu 2025 ni komine ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Karatasi inayodai kuandikwa 2009 na ina muhuri wa Mkoa wa Rumonge imetengenezwa juzi. Nimeiona kwa macho karatasi ya namna hiyo, na mtu alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wake wawili kwa ajili yake.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mimi naongeza na mji. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mwaka wa kwanza mpange. Usione aibu kupanga. Najua kwenu Muyinga mtu mwenye watoto watatu na duka la vitenge akionekana anapanga, watu husema ameanguka. Waache waseme. Pangeni mjini, juu ya barabara, mtaa wa Waswahili au jirani yake, mahali ambapo watoto wataenda shule kwa miguu na mama yao atafika sokoni bila kulipa pikipiki. Shuleni watasoma Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili na Kiingereza vimo katika masomo. Kiswahili chenyewe watakipata mtaani bure, na hicho ndicho kitakachowalisha katika ziwa lote hili, kuanzia Baraka hadi Kigoma.

Huo mwaka utakufundisha vitu ambavyo hakuna atakayekueleza. Utajua kwamba mji huu huhesabu pesa kwa mwezi wa angani. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa kwa taa, na taa inafaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hukaa ufukweni, na deni la dukani hupanda. Ukija na vitenge vyako ukavikopesha wakati wa mbalamwezi bila kujua, utafikiri watu wa Rumonge ni wadanganyifu. Si wadanganyifu, wanasubiri giza. Ziwa nalo limechoka, na mataifa yake yameanza kulipumzisha: wenzetu wa Tanzania walifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Usijenge hesabu ya familia nzima juu ya samaki. Na usikimbilie shamba la michikichi pia, kwa sababu mche ukipanda leo utakaa miaka mitatu au minne kabla ya kukupa chikichi la kwanza, na watoto wanakula kila siku.

Utajua barabara pia. Kwenye ramani Bujumbura ni kilomita zaidi kidogo ya 70 tu. Lakini barabara hiyo imebanwa kati ya mlima na maji, na mahali pengine hakuna nafasi ya kosa. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, ukaua watu na kuziba njia. Mvua zikikaza, au mafuta ya gari yakiadimika kama tulivyozoea miaka hii, kilomita 70 huwa siku nzima. Kama biashara yako itategemea kupanda Bujumbura mara mbili kwa wiki, ijaribu kwanza miezi yote 12.

Na maji ya kunywa. Hili nalisema kwa mama watoto. Uliza bomba la mtaa hutoa maji siku ngapi kwa wiki, na yakikatika watu huchota wapi. Wakikujibu ziwani, mtaa huo usiupange. Kipindupindu katika ufuko huu si hadithi, hurudi na kurudi, na huchukua watoto kwanza. Mimi naona neno la mkeo katika kuchagua mtaa lizidi lako. Wewe utakuwa sokoni kutwa. Yeye ndiye atakayejua ndoo ina uzito gani, jirani ana ulimi gani, na usiku wa homa atagonga mlango wa nani. Katika picha zote ulizotuma sikumwona hata katika moja, na katika maelezo yako yote hukuandika yeye amesema nini.

Mkifika, siku hiyo hiyo mpelekeeni mkuu wa mtaa karangamuntu zenu, yaani vitambulisho, mwandikwe. Kisha msalimieni kila jirani mlangoni kwake. Nakuomba hilo usilione dogo. Wale ndugu watatu wangeweza kuja kwangu na watu wenye mapanga, kama ilivyotokea kwa wengine. Walikuja na majirani, kwa sababu majirani waliwaambia mimi ni mtu wa kusalimiana.

Sikukatazi kuhama. Ardhi ya Muyinga imebana na wewe una nguvu, na mimi nafurahi kwamba mtoto wa dada yangu anataka kurudi mahali alipotoka mama yake akiwa mgongoni. Ila kiwanja hicho usikitie faranga hata moja. Mwambie muuzaji utakuja kukiona tena mwezi wa 4, mvua zikiwa zimekaza, na njoni wote watano, pamoja na mtoto mdogo. Tutakwenda pamoja na kuhesabu hatua upya kutoka mpaka ule ule, kisha tutapita kwa bibi mmoja anayekaa nyuma ya kiwanja hicho. Nimeshazungumza naye kidogo, na amesema atakuambia mwenyewe, si kwa mdomo wangu.

Chumba cha uani nimewaachia kuanzia tarehe 1 Aprili. Leteni viatu vya mvua.