SAUTI MOJA, NYIMBO ZA NAMNA MBILI: JE, TUMTOE KWENYE KWAYA?

Masomo: 2 Samweli 1:17-27, Amosi 6:5-6, Yakobo 3:10-12

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha mwezi huu tukiwa hai, ijapokuwa mgao ni mdogo na mvua imeharibu nyumba za wengi.

Mwezi huu hatutazunguka. Wote mnajua neno lililoleta manung'uniko kati yetu. Kijana wetu mmoja, kiongozi wa sauti ya tenori, amekaa nje ya kwaya miezi mitatu. Ndiye aliyewafundisha wenzake kusoma sol-fa. Ndiye aliyeanza kuwafundisha Haleluya ya Handel, mstari kwa mstari, kutoka katika kitabu chakavu kisicho na jalada. Kosa lake ni kwamba anatunga pia nyimbo za gitaa, anaziimba kwenye harusi, na amerekodi mbili ambazo vijana wanazipitisha kwenye simu. Wazee wakasema kinywa kimoja hakiwezi kumwimbia Mungu asubuhi na kuimbia dunia jioni. Wakamsimamisha, na sisi tuliweka sahihi.

Ndugu zangu, leo tunataka kuipima sahihi yetu kwa Neno la Mungu.

KIJANA WA KOLWEZI

Kwanza tuwape mfano wa mtu wa kwetu. Serge Kakudji alizaliwa huko Kolwezi, Katanga, mji wa migodi ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Akiwa bado mdogo aliona opera kwenye televisheni, yaani mchezo wa jukwaani ambao watu huimba badala ya kusema. Akaipenda, akaanza kuiga peke yake. Sauti yake inaitwa kaunta tenori: ni mwanaume anayeimba juu kuliko tenori, mahali ambapo kwaya zetu huwaweka akina mama wa alto.

Mwaka 2008 aliimba katika kazi iitwayo pitié!, ambayo Fabrizio Cassol na Alain Platel waliijenga juu ya muziki wa Bach wa Mateso ya Yesu kama Mathayo alivyoyaandika. Kisha mwaka 2014, katika kazi iitwayo Coup Fatal, alisimama pamoja na wanamuziki wa Kinshasa walioongozwa na mpiga gitaa Rodriguez Vangama. Walichukua nyimbo za akina Handel na Vivaldi, wakazipiga kwa likembe, balafoni na gitaa la umeme, wakazichanganya na muziki tunaoujua sisi wa Kongo. Kijana yule yule, sauti ile ile, muziki wa namna mbili. Na pazia la jukwaa lilikuwa kazi ya mchongaji wa Kinshasa, Freddy Tsimba. Alilitengeneza kwa maganda ya risasi.

Wapendwa, sisi tunayajua maganda hayo. Watoto wetu waliyaokota njiani tulipokimbia. Tuliposikia kwamba mtu ameyaunganisha yakawa pazia, na kwamba mwana wa Katanga anaimba mbele yake, tulimkumbuka nabii Isaya katika sura ya pili, pale panga zinapofuliwa kuwa majembe. Hatumleti ndugu huyu kama mwalimu wa imani. Tunatazama kazi tu, nayo inatuuliza: ni nani aliyetuambia kwamba karama ina chumba kimoja tu?

NA HUYO HANDEL MWENYEWE?

Tunaipenda Haleluya yake, tunasimama inapoimbwa. Lakini Handel alikuwa mtu wa jukwaa. Kwa miaka mingi aliandika opera za wafalme na wapenzi, watu wakalipa kiingilio kuzisikia London. Mwaka 1741 aliandika Masihi kwa siku 24 hivi. Na baadhi ya kwaya zake, pamoja na ile ya Isaya 9 juu ya mtoto aliyezaliwa kwa ajili yetu, alizijenga kwa sauti za nyimbo za mapenzi za Kiitaliano alizokuwa ametunga mwaka ule ule! Masihi iliimbwa kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa muziki, na mapato yakaenda kwa wafungwa wa madeni na kwa hospitali. Ilipofika London mwaka 1743, wako walionung'unika kwamba mambo matakatifu yanaimbwa kwenye nyumba ya michezo. Mnaona? Manung'uniko yetu si mapya.

NENO LINASEMAJE?

Fungueni 2 Samweli sura ya kwanza. Daudi, mtu wa zaburi, amepata habari kwamba Sauli na Yonathani wamekufa vitani. Anatunga wimbo wa kilio. Usomeni kutoka mstari wa 19 mpaka mwisho wa sura. Jina la Mungu halimo hata mara moja. Ni wimbo wa rafiki anayemlilia rafiki. Tena Daudi aliagiza watu wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Hakuna nabii aliyemwambia aweke kinubi chini.

Tena Wimbo Ulio Bora, ambao wengi wetu tunauruka haraka, ni nyimbo za bwana arusi na bibi arusi. Mungu hakuona aibu kuuweka katika Kitabu chake.

Je, basi kila wimbo ni mzuri? Hapana! Amosi 6 inawakemea watu waliolala kwenye vitanda vya pembe za ndovu wakibuni nyimbo kwa vinanda kama Daudi. Angalieni kosa lao. Nabii analitaja katika mstari wa 6: walikunywa na kujipaka mafuta bila kuumizwa na maangamizi ya ndugu zao. Kinanda chao kilikuwa kama cha Daudi, ila moyo wao haukuwa kama wa Daudi. Yeye alimlilia ndugu yake, wao walimsahau.

Hapo ndipo tulipochomwa. Maana Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuliwauliza wazee wetu: ni nani kati yetu amezisikiliza nyimbo za kijana huyu? Hakuna aliyeinua mkono, wala sisi hatukuinua wetu. Tukamwita, tukamwomba aziweke kwenye simu. Wa kwanza ulikuwa juu ya mama yake, aliyezikwa kando ya barabara wakati wa kukimbia, na yeye hajui kama atalipata tena kaburi hilo. Mama mmoja shemasi alifunika uso kwa kitenge chake akalia. Wazee wakanyamaza. Wimbo tuliouita wa shetani ulikuwa kilio, ndugu ya kile cha Daudi.

Wa pili ulikuwa wimbo wa harusi. Ulikuwa mzuri, isipokuwa ubeti mmoja uliomchezea msichana kwa maneno ya dharau. Hapo tulimfungulia Yakobo 3: chemchemi moja haitoi maji matamu na machungu. Hakubishana. Alisema, "Baba mchungaji, ubeti huo niliuweka ili vijana wacheke. Nitautoa."

Tukaona Yakobo anazungumza juu ya maji, hazungumzi juu ya mtungi. Tusiulize kwanza kama ni gitaa au ni sol-fa. Tuulize: maneno haya yanambariki mtu au yanamlaani?

TOBA YETU

Na sisi tuna la kuungama. Tulipookoka tukiwa vijana kule nyumbani, mzee mmoja wa kanisa alituagiza tuchome gitaa letu, nasi tukalichoma. Baadaye, hata katika chuo cha Biblia, tuliisimulia habari hiyo kama ushuhuda. Lakini baba yetu alipofariki, tulitafuta wimbo wa kumlilia, hatukuwa nao. Tuliogopa kwamba kijana huyu atapotea, ndiyo maana tukaweka sahihi. Lakini mtoto akifukuzwa mlangoni mwa baba yake kwa sababu ya sauti aliyopewa na Mungu, ataipeleka wapi?

MASHAURI

Enyi vijana, jipimeni kwa maswali matatu kabla ya kuimba popote. Je, wimbo huu naweza kuuimba mama yangu akiwa amekaa mbele? Je, unamheshimu aliyetajwa ndani yake? Je, mahali ninapouimba panaujenga mwili wangu au panaubomoa? Na mjifunze kazi yenu vizuri, kama yule wa Kolwezi. Uvivu si upako.

Enyi wazazi na wazee, tusihukumu tusichokisikiliza.

Kwa hiyo wazee wamekubaliana kwa sauti moja: kijana wetu arudi mahali pake. Tulimwomba msamaha mbele ya kwaya, naye akatusamehe, akaomba msamaha kwa ubeti ule. Mazoezi ni Jumatano saa kumi jioni. Wenzake wa tenori wametuambia kwamba tangu aondoke Haleluya imekwama ukurasa wa tatu. Njooni tuimalize kabla ya Krismasi.

Bwana aliyempa Daudi zaburi na kilio, awape nanyi vyote viwili. Amina.

Ni sisi, mchungaji wenu na mkimbizi mwenzenu.