Acha Kupiga Ramli, Shika Mita

Fundi kijana, maneno haya ni yako, uwe Gerezani ya Dar es Salaam, Grogan ya Nairobi au Katwe ya Kampala. Gari limeletwa gereji. Dereva analalamika kwamba kwenye tambarare linakwenda vizuri, lakini likianza kupanda mlima wa Kitonga na mzigo linakata mafuta na kuishiwa nguvu. Jibu la wengi unalijua: badilisha pampu ya mafuta. Pampu inabadilishwa, mwenye gari analipa, na mlima wa kwanza tu anakutana na yale yale. Inafuata filta, zinafuata nozeli, na mwisho linaloharibika ni jina lako.

Nakusihi utoke kwenye mzunguko huo leo. Uwezo unao, na kazi yenyewe inaanzia kwenye kupima.

Anza na kisichogharimu hata senti. Injini ikianza kusumbua, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likatulia, tundu la kupumulia la tangi limeziba, na pampu ilikuwa ikivuta mafuta kwa taabu. Kama si hilo, kagua filta na mabomba, kisha funga geji ya presha. Injini nyingi za petroli zenye nozeli kwenye manifoldi hutaka bar 3 hivi. Kipimo kamili kitafute kwenye kitabu cha gari husika. Isome geji pia gari likivuta mzigo, maana ugonjwa wa mlimani hujificha gari likisimama.

Presha ikishuka, usiihukumu pampu bado. Chukua mita, pima umeme kwenye ncha mbili za pampu yenyewe injini ikiwaka. Betri ikionyesha volti 14 na pampu ikapata 11, umeme unapotelea njiani. Umepita kwenye waya mwembamba kutoka dashibodi hadi nyuma, kwenye soketi zilizoota kutu, au unakwama kwenye athi iliyolegea. Ukifunga pampu mpya kwenye waya huo, nayo itazunguka kwa unyonge kama ile ya zamani.

Hapa ndipo ufundi wako unapong'aa! Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu kabisa na betri, kisha funga relei. Mguu namba 30 upokee umeme wa betri, 87 uupeleke kwenye pampu, 86 upokee waya wa zamani wa pampu, na 85 uende athi. Safisha na athi ya pampu mpaka chuma king'ae. Sasa waya wa zamani kazi yake ni kutoa amri tu, na mzigo unabebwa na waya mpya. Kinga aliyoiweka mtengenezaji, ya kuizima pampu injini inapozimika, inabaki palepale. Kamwe usiiunge pampu moja kwa moja na swichi: gari likipata ajali na bomba likakatika, itaendelea kumwaga petroli. Na kama gari lina kompyuta inayoongeza na kupunguza kasi ya pampu, njia hii usiitumie. Fuata mchoro wa umeme wa gari hilo.

Uwe jasiri, lakini ujasiri wako uwe na adabu ya kazi. Kabureta hutaka presha isiyofika hata nusu bar. Ukiifungia pampu ya gari la nozeli bila kidhibiti presha, petroli itafurika juu ya injini yenye moto. Hozi ya maji si ya petroli, na waya wa kufungia si klipu. Kabla ya kufungua bomba lolote la mafuta, toa presha kwenye mfumo, chomoa hasi ya betri, na kizima moto kiwe karibu na mkono wako. Unarudi nyumbani kwa wanao jioni. Kumbuka hilo kila unapogusa mafuta.

Ukimaliza, pima tena. Andika daftarini volti za mwanzo na za mwisho, presha ya mwanzo na ya mwisho, kisha mwonyeshe mwenye gari. Mwambie pia asizoee kutembea na taa ya mafuta ikiwaka, kwa kuwa pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta hayo hayo. Mteja aliyeona namba kwa macho yake hatakuuliza kwa nini unamtoza fedha kwa kazi isiyo na kipuri kikubwa. Ameona analipia akili yako, na atakutangaza kwa wenzake.

Geji ikiwa ghali kwa mmoja, changeni watatu wa gereji moja. Nawe mzee wa gereji, waite vijana wakuzunguke unapopima, waisome mita kwa sauti, wajifunze kuuliza kabla ya kufungua bolti. Ufundi wa namna hii haungoji cheti wala jengo la kifahari. Gari lijalo likiingia na lalamiko la kukata mafuta, spana ikae chini kwanza. Pima, elewa, kisha tengeneza, na ulitengeneze lisirudi tena kwa tatizo hilo!