Mechi ngapi zinatosha kumjua mtu?

Mtu akishindwa mara mbili tatu mwanzoni mwa kazi, nani ana haki ya kusema "huyu basi"? Swali hili nimelipata kwenye mchezo ambao wengi wetu hapa Nyarugusu hatujawahi kuuona kwa macho, besiboli ya Marekani. Naomba mnivumilie, maana najua mlizoea nikiandika habari za Simba na Yanga.

Aliyeniingiza humo ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyepata safari na sasa anaishi Syracuse, jimbo la New York. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na wenzake wanasikiliza mechi za Yankees redioni huku wanapanga maboksi. Mwaka wa kwanza aliniambia ni mchezo wa watu wanaosimama tu wakitema mate. Leo hii ukimpigia mwezi wa nne, hakuulizi mama anaendeleaje kabla hajakueleza kwamba mrushaji fulani ameharibu tena jana, kwamba mpira wake hauna mbio, kwamba ghala zima halijalala. Ana sauti ya mtu mwenye mgonjwa hospitalini.

Nieleze kwa ufupi. Timu mbili zinapokezana kupiga na kurusha kwa zamu tisa. Mrushaji anayeanza huchoka, kwa hiyo wapo wengine wanaokaa pembeni wakipasha mkono moto, wakisubiri kuitwa. Wa mwisho wao huitwa zamu ya tisa, timu ikiongoza kwa pointi moja, mbili au tatu, ili azuie tu mpaka mwisho. Kwao huyo ni mfungaji. Si mfungaji wetu anayetia bao, ni wa kufunga mlango watu walale. Hapa nitamwita mfunga mlango. Akifaulu, husemwa ameokoa mechi. Asipofaulu, kazi ya wenzake ya saa tatu imemwagika mikononi mwake, uwanja mzima unamwangalia, na hakuna wa kumsingizia.

Sasa msimu wao una mechi 162, kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Mfunga mlango anarusha zamu kama 60 au 70 tu kwa msimu mzima, kidogo kidogo, zamu moja leo, moja keshokutwa. Ubora wake hupimwa kwa wastani wa pointi anazoruhusu kwa kila zamu tisa. Fanyeni hesabu na mimi. Akiruhusu pointi nne katika zamu zake mbili za kwanza, wastani wake unasomeka 18.00. Hiyo ni namba ya kufukuzwa. Lakini akirusha zamu kumi zinazofuata bila kuruhusu kitu, wastani unashuka hadi 3.00, namba ya mtu anayeheshimika. Mtu ni yule yule na mkono ni ule ule. Kilichotofautiana ni siku uliyofungua daftari.

Ndiyo maana mwezi wa nne mashabiki hugawanyika. Wengine husema ni mapema bado, acheni. Wengine husema amekwisha huyo, tafuteni mwingine. Na kila upande una ushahidi wa kweli, hilo ndilo linalonisumbua.

Chukua Mariano Rivera. Huyu ni mtoto wa mvuvi wa Panama, kijiji cha Puerto Caimito, naye mwenyewe alifanya kazi kwenye mashua kabla ya besiboli. Alifika Marekani bila Kiingereza. Mwaka 2005 alikuwa tayari amewafungia Yankees mlango kwa miaka minane, na mataji aliyowapa sitayahesabu. Msimu ukaanza, na nafasi zake mbili za kwanza, zote dhidi ya Boston, akaziharibu, Aprili 5 na Aprili 6. Siku ya pili timu ilikuwa mbele 3-2 ikaishia kufungwa 7-3. Mwenzake mmoja aliteleza na mpira, kosa halikuwa lake peke yake, lakini anayezomewa ni aliyeko katikati. Wakamzomea nyumbani kwake, New York. Siku chache baadaye walipokwenda Boston, mashabiki wa huko wakamshangilia alipotajwa jina, kwa kejeli, kana kwamba ni mchezaji wao. Akacheka.

Msimu ule aliumaliza ameokoa mechi 43, wastani wake 1.38. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa na mechi 652 alizookoa, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Mwaka 2019 akawa mtu wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo wao kwa kura zote, 425 kwa 425. Bila shaka miongoni mwa waliopiga kelele Aprili ile wapo wanaosimulia wajukuu kwamba walimwona kwa macho yao.

Ningeishia hapo ingekuwa rahisi. Tungesema subira huvuta heri, tukaenda kuteka maji. Lakini yupo Brad Lidge wa Philadelphia. Mwaka 2008 alipewa nafasi 48 za kuokoa mechi, ukijumlisha za msimu na za kuwania ubingwa, na aliokoa zote 48. Hakuharibu hata moja, na timu ikawa bingwa. Mwaka 2009 akaanza vibaya. Watu wakasema ni mapema bado, huyu ni Lidge, tumesahau mwaka jana? Kocha naye akamshikilia. Aliharibu mechi 11, wastani wake ukawa 7.21, katikati ya msimu akawekwa nje kwa sababu ya goti, akarudi, akaendelea vile vile. Timu ilifika fainali hata hivyo, na katika mechi ya nne aliruhusu pointi tatu zamu ya tisa. Wakapoteza mechi, na baadaye ubingwa. Upande wa pili aliyefunga mlango usiku wa mwisho alikuwa Rivera, ana miaka 39.

Kwa hiyo, mwezi wa nne, Rivera wa 2005 na Lidge wa 2009 walifanana. Shabiki mwenye wasiwasi hakuwa mjinga, wala shabiki mwenye subira hakuwa na hekima ya ziada. Hakuna aliyeona mbele. Ila mimi naona wasiwasi na hukumu ni vitu viwili. Wasiwasi unaweza kuwa upendo, kama mama anayeamka usiku kusikiliza mtoto anapumuaje. Hukumu inataka kitu kingine, inataka kumbukumbu.

Na hapa ndipo nilipokwama kwa wiki kadhaa. Kwa nini Rivera alivumiliwa? Jibu la haraka ni kwamba makocha wake walikuwa watu wavumilivu. Hapana. Alipopewa kazi ya kufunga mlango kwa mara ya kwanza, mwaka 1997, kati ya nafasi sita za mwanzo aliharibu tatu. Yaani nusu. Aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake, John Wetteland, alikuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali, kwa hiyo unaweza kuwaza maneno yalivyokuwa mjini. Kocha Joe Torre akamwambia nafasi ni yake, abaki. Lakini Torre hakuwa anafunga macho na kuomba Mungu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwona Rivera akirusha zamu zaidi ya 100 kwa wastani wa 2.09. Alikuwa na daftari nene. Mechi tatu mbaya ndani ya daftari nene ni ukurasa mmoja.

Rudi nyuma miaka miwili, 1995. Rivera huyo huyo ana miaka 25, mgeni, mkono wake umewahi kufanyiwa upasuaji, daftari lake halina kitu. Anaanza mechi nne, wastani wake unakuwa 10.20. Walimfanya nini? Walimshusha daraja, akapelekwa timu ya chini, Columbus, na wakubwa wakawa wanafikiria kumbadilisha na mchezaji wa Detroit. Mechi nne tu, ndugu zangu.

Mnaona ninapokwenda. Subira inagawiwa kama mkopo, anapewa mwenye dhamana. Mwenye historia anavumiliwa. Asiye na historia anapimwa kwa juma lake la kwanza, na kama juma hilo aliumwa, au hakulala, au alikuwa haelewi lugha, hilo ndilo jina lake.

Sisi tuliopo hapa, tulivuka na nini? Nawajua watu waliofundisha miaka 15 huko Kivu, vyeti viliungua na nyumba. Leo ni "mwalimu mpya wa kujitolea", yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu, anakaguliwa na mtu aliyezaliwa wakati yeye anasahihisha mitihani. Namjua mama aliyeendesha duka kubwa la vitenge, ambaye kwenye mafunzo ya biashara alishindwa kujaza fomu moja akaandikwa hana uwezo. Na wote tunajua mahojiano. Unaitwa asubuhi, unaulizwa tarehe ya siku ambayo hata ungelipwa usingetaka kuikumbuka, unababaika, unasema mwezi wa sita badala ya wa saba, na babaiko lile linaandikwa. Daftari lako lote la maisha ni asubuhi ile. Rivera alipata mechi nne.

Lakini tusijipakae mafuta. Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Mfanyakazi wa shirika akiwa mgeni, siku ya kwanza ya mgawo foleni ikikwama, jioni kambi nzima imeshampa jina, na jina la Nyarugusu halifutiki. Dada mmoja aliniambia alikaa miaka miwili hapa akiitwa jina la kosa la siku yake ya pili. Na kaka yangu kule Syracuse, ambaye mwezi wake wa kwanza ghalani aliangusha maboksi mpaka akadhani anarudishwa Kigoma, ndiye huyo huyo anayetaka mrushaji afukuzwe Aprili. Nilimwambia. Akasema, "Mdogo wangu, yule analipwa mamilioni ya dola." Ni jibu, sikatai. Sijui tu kama mshahara unabadilisha hesabu ya zamu mbili.

Hata hivyo anayehubiri subira lazima aseme nani analipa. Ninafanya kazi na vijana. Nikimvumilia kijana wa kujitolea asiyefika uwanjani, walionisaidia kuvumilia bila kuulizwa ni watoto 30 waliokaa juani wakisubiri mpira. Philadelphia, mwaka ule wa 2009, kila mechi Lidge aliyoharibu ilikuwa na mwenzake aliyerusha kabla yake kwa jasho, na kazi yake ikamwagika. Huyo naye ana haki. Kwa hiyo mimi simlaumu kocha aliyemshusha Rivera mwaka 1995. Timu ilikuwa na mechi za kushinda.

Ninachotaka tukitazame ni kilichotokea baada ya kushushwa. Kule Columbus Rivera aliendelea kurusha, na kulikuwa na watu waliotumwa kumwangalia. Bega lake lilipopona, taarifa ikafika juu kwamba mpira wake umeongezeka mbio ghafla, maili 95 kwa saa, na mpango wa kumpeleka Detroit ukafutwa. Historia yote niliyowasimulia imepita kwenye tundu hilo dogo. Alishushwa mahali ambapo bado kuna mtu anatazama.

Sisi hatuna mahali hapo. Hapa uko kwenye orodha au umetolewa kwenye orodha. Kijana akitolewa kwenye posho hakuna timu ya chini ya kumpokea, hakuna anayetumwa wiki sita baadaye kuona kama bega limepona. Wenzetu wa mashirika wakisoma hapa wataniambia bajeti haina kifungu hicho, na najua haina. Lakini kutazama si lazima kuwe na kifungu.

Nasema hivi kwa sababu timu yetu ina kipa mpya, kijana aliyevuka mwaka jana. Mechi tatu, mabao tisa. Kwenye kikao wachezaji wote walitaka aondoke, na ukiangalia mabao yenyewe, mawili matatu yalikuwa ya aibu kweli. Kocha akaniuliza mimi, kama mtu wa vijana. Nilisema asidake mechi ya Jumamosi, kwa sababu wenzake nao wamefanya mazoezi. Nilisema pia asinyang'anywe glavu, awe anadaka na wadogo wa chini ya miaka 15 kila Alhamisi, na awepo mtu mmoja anayejua kazi ya kipa wa kumwangalia na kuandika, mechi kumi, kisha tusome kilichoandikwa. Wakauliza kwa nini kumi. Sikuwa na jibu zuri zaidi ya kwamba ni zaidi ya tatu.

Yupo mzee wa zoni yetu aliyewahi kudaka Uvira zamani. Tulikwenda kumwomba. Amekubali, ila anataka daftari na kalamu, na ameuliza kama viatu vitakuwepo au aje na kandambili.