Mila na Uadilifu wa Mwalimu: Mfano wa Mumias

Limezoeleka sasa dai kwamba mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hufaulu zaidi akianzia kwenye mila za wanafunzi wake. Dai hili tunaliunga mkono. Hata hivyo, lina swali la kimaadili ndani yake: je, ni haki kuzichagua mila zinazotuafiki na kuzinyamazia nyingine?

Tuchukue mfano wa Mumias, katika Kaunti ya Kakamega. Uislamu ulifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, ukapokewa katika utawala wa Wawanga. Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu. Mtoto wa Kiislamu wa huko, basi, aghalabu ni Mluhya mwenye jamaa wasio Waislamu.

Mwalimu akifundisha ukarimu, hapati tabu: pande zote mbili humheshimu mgeni. Mtihani ni mazishi. Sheria ya Kiislamu hutaka maiti azikwe kwa haraka. Desturi za Kiluhya huweza kuchukua siku kadhaa za kukesha, kuimba na kuwasubiri jamaa wa mbali. Tukilikwepa jambo hili, tunamfundisha mtoto kimyakimya kwamba ukoo wake una thamani pale tu unapokubaliana na kitabu cha kiada. Siku babu yake atakapofariki, hatakuwa na neno la kumwambia bibi.

Fasihi yetu ina funzo hapa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa binti yake. Humo dini na desturi za pwani zinasema kwa sauti moja, na kwa kuwa zinasema waziwazi, msomaji wa leo anaweza kuzihoji, hasa kuhusu nafasi ya mke. Mila za Mumias nazo zastahili kusikilizwa na kuhojiwa hivyo hivyo.

Fikihi yenyewe huikubali ada kuwa hakimu pale isipopingana na nususi. Kwa hiyo mwalimu na aulize darasani: katika kukesha huko, lipi ni faraja kwa wafiwa, na lipi linakiuka sheria? Mwanafunzi anayepima hivyo hatalazimika kumdharau bibi yake ili awe Mwislamu mwema.