Leseni Niliyobahatika Kuipata

Kijana yule aliniuliza swali la kawaida kabisa. Tulikuwa tumekaa pamoja tangu saa moja na nusu asubuhi kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya leseni za magari, katika mji mmoja wa mkoani ambao sina haja ya kuutaja. Ulikuwa mwaka 1994. Yeye alikuwa amekuja siku ya nne mfululizo. Mkononi alishika daftari la shule ambamo alikuwa amechora kwa penseli alama za barabarani, moja baada ya nyingine, na chini ya kila alama ameandika maana yake kwa mwandiko wa kujitahidi. Mimi nilikuwa nimefika siku hiyo hiyo. Ilipokaribia saa tano nilitoka ndani na karatasi zangu zimekwisha kugongwa mhuri, naye bado yuko pale pale benchini. Akanitazama, akauliza bila kinyongo chochote: "Kaka, umepitia wapi?"

Nami nikamjibu: "Nimebahatika tu, ndugu yangu."

Zaidi ya miaka 30 imepita. Mengi ya siku ile nimeyasahau, lakini neno hilo la kubahatika halijanitoka. Nimelirudia kichwani mara nyingi, hasa ninapokuwa peke yangu barabarani safari ya mbali, na kila mara naliona limekaa vibaya.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Bwana mmoja wa ofisini alipochukua fomu yangu aliitazama, kisha akalitazama gari nililoazimwa kazini kwa ajili ya mtihani, pikapu kuukuu iliyokuwa imeegeshwa chini ya mwembe. Akaniuliza: "Kuendesha unajua, hujui?" Nikasema najua. "Basi sasa tupoteze mafuta ya nini? Tuachie ya soda, mambo yaishe." Sauti yake haikuwa ya mwizi. Ilikuwa ya mtu anayekuhurumia jua. Nikaingiza noti ndani ya fomu, fomu ikaenda, ikarudi haina noti lakini ina mhuri. Sikuendesha hata hatua kumi. Sikuulizwa hata alama moja.

Ndugu msomaji, usidhani nakuja hapa kutubu ili unisamehe. Nia yangu ni kuuliza jambo ambalo limenishinda kulijibu vizuri: je, leseni ile ilikuwa ya uongo? Maana kuendesha kweli nilijua. Dereva wa ofisini kwetu alikuwa amenifundisha kwa miezi mitatu, jioni, kwenye uwanja wa mpira, akinigombeza kila nilipoachia klachi kwa pupa. Karatasi ilisema kwamba fulani anaweza kuendesha gari, na fulani aliweza. Sasa uongo uko wapi?

Nilipokuwa kijana niliona jibu hili linatosha. Niliweka mbali watu wanaonunua leseni hawajui hata breki iko upande gani; hao ni wauaji watarajiwa, nikasema, mimi simo. Nilinunua muda tu. Mtihani ningeufanya ningeufaulu, kwa hiyo nimeruka hatua ambayo mwisho wake ulijulikana.

Lakini hebu tufikiri juu ya mizani ya mwuza nyama. Sheria inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa chapa. Chukua mwuza nyama ambaye mizani yake ni sahihi kabisa, ila chapa aliipata kwa kumpoza mkaguzi, na mizani haikuguswa. Unanunua kilo moja, unapata kilo moja. Umeibiwa? Nyama hujaibiwa. Hata hivyo nadhani kuna kitu umenyang'anywa, na si rahisi kukitaja jina. Ile chapa ilikuwa inakuambia: yupo mtu asiye na faida katika biashara hii ambaye amepima kwa niaba yako, wewe ambaye huna mawe ya kupimia. Sasa mtu huyo hayupo. Kilo yako ni kilo kwa sadfa. Na mwuza nyama mwenyewe, hili ndilo lililonishtua nilipolifikiria, naye hajui. Anadhani tu kwamba mizani yake ni nzuri.

Nami nikadhani tu kwamba najua kuendesha.

Mtihani wenyewe haukuwa wa kutisha. Walioufanya waliniambia: maswali ya alama, kuliondoa gari taratibu, kusimama mlimani na kuondoka tena bila gari kuserereka, na kurudi nyuma katikati ya mapipa. Sasa, yule dereva aliyenifundisha alikuwa mwalimu mzuri, ila uwanja wa mpira ni mpana. Kurudi nyuma pale ni kurudi popote. Hakuna pipa, hakuna ukuta, hakuna mtu. Hilo mimi sikulijua kuwa ni pengo, na mtu pekee aliyewekwa na nchi ili anionyeshe pengo langu nilimlipa asinionyeshe.

Mwaka 1997 nilikuwa sokoni, asubuhi ya Jumamosi, nikitoa gari kwenye mwanya kati ya malundo ya viazi. Nilitazama kioo cha pembeni, nikaona peupe, nikarudi. Ghafla nikasikia mwanamke anapigapiga bodi la gari kwa viganja vyote viwili na kupiga yowe: "Simama! Simama!" Nikakanyaga breki. Niliposhuka miguu haikuwa yangu. Nyuma ya gurudumu la kushoto, shubiri mbili hivi kutoka kwenye tairi, mtoto wa kama miaka mitatu alikuwa amekaa mchangani akipanga vizibo vya soda. Hakuwa amesikia chochote. Aliinua macho akanitazama kama mtu aliyekatizwa kazi yake.

Mama yule alimnyakua, akamfunga mgongoni, kisha akanigeukia. Hakunitukana. Aliniuliza kile ambacho wote tumewahi kukisikia barabarani, nacho kwa kawaida si swali hata kidogo: "Nani aliyekupa leseni, wewe?"

Niliomba radhi. Watu wakasema Mungu mkubwa, wakarudi kwenye viazi vyao. Ningeweza kukuambia kwamba hata waliofaulu mtihani kwa jasho lao hugonga, na ni kweli. Sidai kwamba mapipa yale yangenifanya nimwone mtoto. Huenda siku ya mtihani ningepita katikati ya mapipa vizuri, na sokoni nikakosea vile vile. Lakini huo ndio msiba wenyewe: sijui, na hakuna njia tena ya kujua. Mtu aliyefanya mtihani akashindwa anajua. Aliyefaulu anajua kwa kiasi fulani. Mimi nina miaka zaidi ya 30 barabarani, sijamgonga mtu, namshukuru Mungu, na hadi leo sijui kama kijana yule wa mwaka 1994 alistahili kuondoka pale na funguo mkononi.

Kitabu cha Kutoka, kinapokataza rushwa, hakisemi kwamba itamfilisi mtu. Kinasema inaharibu macho ya wanaoona. Zamani niliusoma mstari huo nikidhani unamsema hakimu peke yake. Waislamu nao wamefundishwa kwamba laana haimshukii mpokeaji tu, inamfikia na mtoaji. Na sheria yetu ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 haimwachi mtoaji nje. Kwa hiyo, kwa dini na kwa serikali, mimi na bwana yule tuko kwenye benchi moja, ingawa katika kumbukumbu zangu nilizoea kumkalisha peke yake.

Tuseme haki pia. Mwaka 1996 Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipotoa ripoti yake kuhusu rushwa, ilitofautisha wanaopokea kwa sababu mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi na wanaopokea kwa sababu ya uroho. Bwana wangu yule, kwa viatu vyake nilivyoviona, alikuwa wa kundi la kwanza. Ila nimejiuliza: je, watoaji nao wana makundi? Nadhani yapo. Yuko anayetoa kwa sababu mlango wa haki yake umefungwa, mgonjwa wake anakufa. Yuko anayetoa ili apate asichostahili. Na yuko wa tatu, ambaye huzungumzwa kidogo sana, anayetoa ili tu asingoje. Huyu ana mlango wazi, ila mbele ya mlango kuna watu. Mimi ni wa tatu. Sikuwa na njaa, sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa na haraka, na haraka yenyewe sikumbuki ilikuwa ya kwenda wapi.

Tumekuwa hodari wa kuyapa mambo haya majina laini: chai, soda, maji ya kunywa, nauli. Mwaka 2000 tulifika mahali pa kuingiza neno takrima katika sheria ya uchaguzi, kana kwamba mgombea anayegawa vitu kwa wapiga kura ni mwenyeji anayekirimu wageni, mpaka Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu hicho mwaka 2006. Mimi sina mdomo wa kuwacheka wabunge wa wakati ule. Wao walitafuta jina la kile walichokitoa. Mimi nilikwenda mbali zaidi: nilibadilisha jina la kile nilichokipata. Nikakiita bahati.

Na hapa narudi kwa kijana wa daftari, kwa maana naona ndiye niliyemkosea zaidi ya wote. Siku ile ilikuwa na saa zake, na nafasi zake za kuhudumiwa. Yangu niliitoa wapi kama si kwake? Lakini kumtangulia kwenye foleni ni kosa dogo. Kosa kubwa ni lile jibu. Yeye aliuliza njia, kwa unyoofu, kama anavyouliza mgeni mjini. Kama ningemwambia "nimetoa pesa," angejua kwamba daftari lake halina kasoro, kwamba hakuna alama aliyoisahau kuichora, kwamba siku zake nne benchini zina sababu, na sababu haimo ndani yake. Pengine angekasirika, pengine angekwenda kulalamika, pengine angetoa na yeye. Lakini angejua. Nilipomwambia nimebahatika nilimwacha aendelee kukipekua chake mwenyewe akitafuta kosa. Ukimnyima mtu zamu yake umemnyima asubuhi moja. Ukimfanya aamini kwamba mpangilio ni wa haki, na kwamba yeye tu ndiye hana nyota, sijui umemnyima nini, na kwa muda gani. Alifungua tena daftari lake. Mimi nikaenda kuwasha gari.

Mwaka 2010, zilipoanza kutolewa leseni mpya za plastiki, nilipeleka ile ya zamani. Wakanipiga picha, wakachukua alama za vidole na saini. Nilitoka na kadi safi inayong'aa. Vidole vilikuwa vyangu kweli, sura yangu kweli. Neno lile la kwanza, kwamba huyu amepimwa akaonekana anaweza, lilihamia kwenye plastiki bila mtu kuligusa. Nakumbuka niliiweka kifuani nikavuka barabara kwa miguu kwenye pundamilia. Gari likasimama. Dereva hata sikumwona vizuri, kwa ajili ya jua kwenye kioo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja, nami nilivuka mbele yake nikitembea kama mtu aliye sebuleni kwake, kwa kumwamini mtu nisiyemjua, kwa sababu ya kadi nisiyoiona. Nikajiuliza yake ameipataje.

Mwezi uliopita binti yetu wa mwisho alikwenda kufanya mtihani wake. Alifaulu alama, akafaulu mlima, akaanguka kwenye kurudi nyuma. Alirudi nyumbani amevimba uso, hasemi na mtu. Jioni mama yake akaniambia taratibu, tukiwa jikoni: "Baba watoto, si yupo yule bwana anayefahamiana nao pale? Mpigie basi. Mtoto mwenyewe si anajua kuendesha?"

Nilinyamaza muda mrefu kiasi cha yeye kuacha kukatakata vitunguu. Kisha nikamweleza habari ya benchi. Tumeoana miaka 28 na sikuwahi kumwambia. Mtoto wa sokoni alimjua, benchi hakulijua. Hakusema kitu. Alimalizia vitunguu.

Jumapili binti alipanga ndoo nne uani, mbili mbili, akaniambia: "Baba, nionyeshe wewe kwanza."

Nikaingia garini. Nikatazama kioo cha kulia, nikatazama cha kushoto, nikageuza shingo kama wanavyofundishwa wao siku hizi, nikaanza kurudi polepole. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia ndoo ya nyuma, upande wa kushoto, ikibingirika.

Binti alicheka mpaka akashika kiuno. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake, ananitazama. Nilishuka, nikaisimamisha ndoo mahali pake, nikarudi garini kuanza tena.