Goti likivunjika, imani isivunjike

Ndugu msomaji, wana Singida tulifurahi sana Septemba 2025, pale kijana wetu wa Ikungi, Alphonce Simbu, alipoipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo. Katika marathoni ile alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia moja za sekunde.

Mshindi hakosi wa kumpongeza. Leo nataka kumzungumzia mwanariadha mwingine, jirani yetu wa Mbulu, anayekumbukwa kwa kuwa wa mwisho.

John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Njiani alianguka, goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeanza kuingia na watazamaji wengi wameshaondoka. Walioanza mbio walikuwa 75, waliomaliza 57, naye ndiye wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma maili 5,000 aende kuanza mbio, bali azimalize.

Wengi huishia hapo. Mimi linanivutia zaidi lililofuata. Mwaka 1970 alikimbia tena katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, akawa wa tano. Kisha akarudi Mbulu kulima. Mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa walioukimbiza. Kumbe kuanguka kule hakukuwa mwisho wa mtu.

Sisemi kijana aliyeumia alazimishe kucheza. Mwili ni amana, na Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abdullah bin Amr (r.a.) kuwa mwili wake una haki juu yake. Ninachosema ni kuwa thamani ya mja haikai gotini. Katika Suratul Hadid, aya ya 22 na 23, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatufahamisha kuwa hautokei msiba ila ulikwisha andikwa, ili tusihuzunike kwa kilichotupita wala tusijifaharishe kwa tulichopewa. Angalieni aya hizo zinavyomhusu mchezaji mara mbili: siku anaposhangiliwa, na siku anapobebwa kwenye machela.

Nimewaona vijana wa mpira wa miguu na wa kikapu ambao siku ya kuumia imewapoteza kabisa. Wa kwanza kuwafikia huwa ni mpiga ramli. Atamwambia kijana kuwa amerogwa na mwenzake anayeitaka namba yake. Hapo anapoteza fedha ya matibabu, anapoteza rafiki, na anaiweka dini yake hatarini. Imepokewa na Muslim kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Goti lililoteguka linahitaji daktari na mazoezi ya viungo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Wengine huacha msikiti. Kijana aliyekuwa akiruka juu kuliko wenzake anaona haya kuswali juu ya kiti kama mzee. Hebu arejee hadithi ya Imran bin Huswain (r.a.) iliyomo katika Bukhari: alikuwa mgonjwa, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Dini hii haikumsubiri mtu apone ndipo impokee. Na katika Bukhari pia imo bishara kuwa mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Ewe kijana uliyelala na mguu kwenye plasta, kama ulikuwa ukienda alfajiri kwa miguu, daftari lako halijafungwa. Na kama hukuwa ukienda, mlango wa toba hauhitaji goti zima.

Ama sisi wengine, tuna deni. Pale Namfua, uwanja ambao baadaye umeitwa Liti, tunajua kupiga kelele kijana anapofunga. Akivunjika, ni wangapi wanaojua nyumba yake? Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, si hisani. Kamati za misikiti ziulize Ijumaa nani ameumia, nani amekwama nauli ya hospitali, nani anahitaji kujifunza ushonaji, kompyuta au ufundi simu ili ale kwa jasho lake. Na wazazi, msimtoe mtoto shule kwa sababu ana kipaji cha mpira. Kipaji chaweza kuondoka kwa teke moja, elimu haiondoki hivyo.

Nabii Ayyub (a.s.) alipopatwa na dhara katika mwili wake alimwelekea Mola wake, na Mola akamuondolea. Aliyeumia leo naye ana Mola huyo huyo. Tusimwache amngojee peke yake, kwani huenda msaada wake umepangwa upitie mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq.