Mvi Zina Wenyewe

Kanta haitoki kwa sabuni. Mwanamke anayetaka kuacha kupaka nywele rangi hana budi kulikubali hilo kwanza. Dawa huingia ndani ya unywele ikiwa chembe ndogo zisizo na rangi. Humo ndani, zikikutana na oksijeni, chembe hizo huungana, hunenepa na kuwa nyeusi, na mlango zilioingilia hauzitoshi tena kutokea. Sugua utakavyo, paka ndimu kama nilivyoshauriwa sokoni, weusi unabaki. Unangoja nywele mpya ziote, kisha unazikata za zamani. Na nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, zetu hizi za kujikunja zikionekana kana kwamba hazijasogea kabisa. Ndiyo maana kuna msimu mzima ambao mtu hutembea na vichwa viwili, cheupe chini, cheusi juu.

Msimu wangu ulianza nilipostaafu ualimu. Serikali ilisogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, na bila shaka wauza kanta nao walijipatia miaka mitano zaidi ya biashara. Mwalimu mwenye mvi huulizwa kila muhula anaondoka lini, na anayeuliza mara nyingi ana mtu wake anayesubiri nafasi. Nilipaka ili nisiulizwe. Kazi ilipokwisha, sikuona tena sababu ya kukaa na taulo lililochafuka mabegani kila baada ya majuma machache, masikio meusi, kichwa kikiniwasha.

Kuwasha huko kunaletwa na kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Ndiyo hiyo hiyo inayotiwa katika piko, ile nyeusi ambayo wachoraji wa Mombasa na Lamu humpambia bibi harusi maua, na ndiyo humtoa malengelenge asiyepatana nayo. Umoja wa Ulaya hauiruhusu izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, wala hauruhusu ichorwe kwenye ngozi. Inashauriwa ujaribu tone kwanza nyuma ya sikio au mkononi, ungoje saa 48. Nani huku kwetu Nyacheki anangoja saa 48? Tunanunua jioni, tunapaka usiku, asubuhi tuko kanisani au matangani. Anayeamka macho yamevimba huambiwa kuna mtu amemtazama vibaya.

Basi nikaenda kwa kinyozi, kijana niliyemfundisha tangu hajui kushika kalamu. Aliwasha mashine, akaizima.

“Madam, tunazitoa zote? Si afadhali nizipige rangi tu?”

“Toa.”

Alipomaliza hakunipa kioo mara moja.

Mume wangu, ambaye mvi zake ni za zamani na hajawahi kuzigharamia hata shilingi, alisema nimezeeka ghafla. Lakini unywele hauzeeki ghafla. Ule mweusi haugeuki ukawa mweupe. Unaanguka, kisha mwingine unaota kwenye tundu lile lile bila rangi kwa kuwa seli za kutengeneza rangi zimekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha mwaka 2020 kwamba panya wakitiwa dhiki kali, neva zinazoamsha mwili ukimbie au upigane huimaliza akiba ya seli hizo. Mwalimu aliyefundisha darasa la watoto 80 hahitaji kuthibitishiwa na panya.

Mengine yalikuja yenyewe. Vijana wa bodaboda wananiita omongina, yaani bibi mzee, na hawaondoki kabla sijakaa sawasawa. Ndani ya matatu napishwa kiti. Msichana wa duka la dawa huzungumza nami kwa kelele, kana kwamba masikio nayo yamepata mvi.

Katika wakati huo huo nilisoma habari za Lisa LaFlamme, mtangazaji wa taarifa kuu ya habari ya CTV nchini Kanada. Aliacha kupaka rangi mwaka 2020, wakati wa korona, na watazamaji wakampongeza. Agosti 2022 akatangaza kwamba mkataba wake umekatishwa, baada ya miaka 35 katika kituo hicho. Gazeti la Globe and Mail likaripoti kwamba mkubwa mmoja wa habari alikuwa ameuliza ni nani aliyeidhinisha nywele zake ziachwe hivyo. Kampuni ilikana kwamba mvi au umri vilihusika. Kina mama wa Kanada hawakushawishika, wala mimi.

Tangu hapo nimesoma makala nyingi za kina mama, za ng’ambo na sasa hata za Nairobi, zinazosimulia mvi kama ushujaa: acha rangi, jipende, uwe huru. Sina ugomvi nazo. Ila zinaandikwa na watu ambao baya kubwa ambalo mvi zinaweza kuwaletea ni kupoteza kazi.

Huku kwetu Bobasi, na Gusii nzima, mvi za mwanamume na za mwanamke hazipimwi kwa mzani mmoja. Omogaka, yaani mzee wa kiume, akifika barazani kwa chifu, kijana huinuka ampe kiti, na kesi ya mpaka wa shamba haianzi kabla hajakaa. Mchungaji akifungua Mithali 16 siku ya Sabato na kuifikia aya inayotaja mvi, wazee wa safu ya mbele hukaa wima. Mwanamke mzee naye huheshimiwa, mradi awe na mume au wana wenye kauli, na mradi asiwe na shamba linalomezewa mate. Akiyakosa hayo, weupe wa kichwa chake huanza kusomwa kwa namna nyingine.

Oktoba 2021, kule Marani, katika kaunti hii hii ya Kisii, umati uliwaua wanawake wanne kwa kuwashuku uchawi. Mei 2008 iliripotiwa kwamba watu 11 waliteketezwa katika vijiji vya Kisii kwa madai kama hayo, wanane wakiwa wanawake, wengi wao vikongwe. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1925, enzi ya Mwingereza, na inamwadhibu hata anayemwita mwenzake mchawi, lakini umati hauji na kitabu cha sheria. Na ukichunguza kesi hizi mara nyingi utakuta mjane, na nyuma ya mjane kuna kipande cha ardhi, katika nchi ambayo robo ekari hugawanywa tena na tena.

Dalili za uchawi ambazo watu huzisoma ni za uzee tu. Macho mekundu kwa moshi wa jiko. Mgongo uliopinda. Kuzungumza peke yake, au kutoka nje usiku wa manane na kupotea njia ya nyumbani kwa kuwa ubongo umechoka na kumbukumbu zimetoweka. Daktari huujua huo kuwa ugonjwa, jirani akasema bibi ametoka kuroga. Mvi huja kabla ya hayo yote, na katika orodha nzima ndiyo dalili pekee inayofutika kwa pakiti ya dukani.

Mjane wa shemeji yangu amepita miaka 70. Hupata zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, mwezi zinapokuja, na kabla ya sukari hutoa za kanta. Wanawe wote wako mbali. Jirani ameliulizia shamba lake zaidi ya mara moja, kwa upole, kisha si kwa upole sana. Katika chama chetu wapo wanaomcheka kwamba anatumia pesa za wazee kuufuta uzee. Mimi nina pensheni, nina mume, na nusu ya vijana wa sokoni niliwafundisha kusoma. Kichwa changu cheupe kimezungushiwa ua. Chake kiko barabarani. Atakayetaka kumhubiria ajipende alivyo, aanze kwa kulala kwake miezi michache.

Ninachoweza ni kumpaka vizuri. Juzi nilimnunulia glavu, nikamtia tone mkononi, nikamngojesha siku mbili, naye akawa labda mtu wa kwanza Nyacheki kuzingoja zile saa 48, akinung’unika kwamba walimu hata wakistaafu hawaachi mitihani. Kichwa hakikututaabisha. Tulikwama kwenye nyusi, maana nazo zimeanza kuwa nyeupe na alitaka ziguswe. Nilikataa. Nikamweleza kuhusu Lash Lure, rangi ya kope na nyusi yenye kemikali hii hii, iliyopofusha watu Marekani miaka ya 1930. Akasema Marekani ni mbali. Nikasema macho yako karibu. Tulibishana hadi chai ikapoa.

“Haya,” akasema mwishowe, “nyusi nitazivutia leso. Lakini nawe mwalimu, na hicho kichwa chako, ukija kwangu usiku piga hodi kwa sauti na utaje jina. Wasije wakadhani ni mimi niliyetoka.”